Funzo Halikai Kwenye Hotuba ya Mwisho: Kutazama Katuni za Sikukuu Pamoja na Watoto

Kila mwisho wa mwaka katuni za Krismasi hurudi kwenye skrini, na watu wazima wengi huziacha ziwashughulishe watoto huku wao wakiendelea na maandalizi. Ni hasara kubwa. Nyingi kati ya hizo zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni hazizidi nusu saa, zimetengenezwa na watu waliopima kila tukio, na ndani yake mna mambo ambayo mtu huweza kuyahangaikia maisha yake yote: aibu, msamaha, kifo, ahadi, upweke wa aliyezungukwa na watu.

Tatizo ni kwamba tunayatafuta mahali pasipo penyewe. Tunasubiri mwisho, mhusika mkuu asimame aeleze maana ya Krismasi huku muziki ukipanda, kisha tunamgeukia mtoto: "Umesikia?" Hotuba hiyo kwa kawaida ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Funzo lenyewe huwa limeshapita mapema, pale mhusika alipofanya jambo lililomgharimu, na mara nyingi alilifanya bila kufungua mdomo.

Chukua A Charlie Brown Christmas, iliyorushwa mara ya kwanza Marekani na kituo cha CBS tarehe 9 Desemba 1965. Watu huikumbuka kwa maneno ya Linus, yule mtoto anayesimama jukwaani na kusimulia habari ya wachungaji kutoka Injili ya Luka, sura ya 2. Ni maneno mazuri, lakini angalia mikono yake. Linus ni mtoto asiyeachana na blanketi lake. Analishika kila anapokwenda, na wenzake wamemsema sana kwa hilo. Anapofika pale malaika anapowaambia wachungaji wasiogope, blanketi linamponyoka mkononi. Hakuna anayelitaja. Picha haisogezwi karibu ili tulione vizuri. Akimaliza kusimulia, analiokota tena. Baadaye kidogo, watoto wanapouzunguka ule mti mnyonge uliochekwa na kila mtu, anauvisha blanketi hilohilo shinani.

Hayo ni matendo matatu: kuachia, kushika tena, kutoa. Mtoto wa miaka sita anaweza kuyaona yote kwa macho yake, na la katikati ndilo ninalolithamini zaidi. Filamu haidai kwamba aliyepata ujasiri mara moja haogopi tena. Linus anarudia blanketi lake, na hakuna anayemlaumu.

Ukitaka mtoto ayaone hayo, usimwulize, "Umejifunza nini?" Swali hilo huua mazungumzo. Mtoto anasikia mtihani, na anatoa jibu analojua linatakiwa: tuwe wema, tupendane, tusaidiane. Majibu hayo anaweza kuyatoa hata kama hakutazama kabisa. Uliza kuhusu kitu kinachoonekana: "Blanketi la Linus lilikuwa wapi alipokuwa anasimulia?" Akikumbuka, uliza la pili: "Unadhani liliangukaje?" Akishindwa, rudisheni nyuma mwangalie tena kile kipande cha dakika moja. Utafutaji wenyewe unamfurahisha, na anayegundua jambo mwenyewe hulishika kuliko aliyeambiwa.

Kwa hiyo maandalizi yanaanza kwa mtu mzima. Itazame filamu peke yako kwanza, hata kama uliiona zamani, maana tunachokumbuka kwa kawaida ni nyimbo na mwisho. Chagua tukio moja tu. Andika dakika yake kwenye karatasi ili usihangaike na rimoti mbele ya watoto. Tayarisha swali moja la kitu kinachoonekana na moja la "kwa nini", basi. Wanaotayarisha maswali kumi hujikuta wakisitisha filamu kila baada ya dakika chache. Watoto huchoka, hukasirika, na mwaka unaofuata hawataki kutazama na wewe. Mara ya kwanza filamu ichezwe mpaka mwisho bila kusimamishwa. Kama ni lazima kusimamisha, iwe mara moja, na iwe katika utazamaji wa pili.

Filamu inayohitaji uangalifu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Rudolph the Red-Nosed Reindeer. Ilirushwa na kituo cha NBC tarehe 6 Desemba 1964. Kampuni ya Rankin/Bass ndiyo iliyoitoa, na kazi ya kusogeza vikaragosi kidogo kidogo na kuvipiga picha moja baada ya nyingine ilifanyika Japani chini ya Tadahito Mochinaga. Hadithi ya kulungu huyo mwenye pua nyekundu ni ya zamani zaidi: Robert L. May aliiandika mwaka 1939 kwa ajili ya maduka ya Montgomery Ward, kisha ukaja wimbo wa Johnny Marks, ulioimbwa na Gene Autry mwaka 1949. Ni vizuri kujua mpangilio huo, kwa sababu wimbo na filamu havifundishi jambo moja.

Katika wimbo, wenzake Rudolph wanamcheka, kisha ukungu unatanda, pua yake inahitajika, na hapo ndipo wanapoanza kumpenda. Mtoto anayesikiliza kwa makini anatoka na somo chungu: utakubaliwa siku utakapokuwa na faida. Mtoto mwenye kigugumizi, mtoto anayetembea kwa gongo, mtoto asiyejua kucheza mpira, wote wanasikia sharti. Na kama sharti halijatimia? Kama pua yake haina kazi?

Katika filamu, mambo yanakwenda kwa mpangilio mwingine, na watu wazima wengi hawauoni kwa sababu unapita haraka. Rudolph anarudi na wenzake waliokataliwa, akiwemo Hermey, msaidizi wa Santa (Baba Krismasi) anayetaka kuwa daktari wa meno badala ya kutengeneza vichezeo. Wanasimulia yaliyowapata. Ndipo wakubwa wanapokiri kwamba waliwakosea. Baba yake Rudolph anaomba radhi, na Hermey anaruhusiwa kufungua kliniki yake. Hayo yote yanatokea kabla Santa hajatangaza kwamba dhoruba itaizuia safari, na kabla hajaigundua kazi ya ile pua. Radhi imetangulia faida. Tukio ni fupi mno, na ndilo linaloibeba filamu nzima, hivyo hapa ndipo pa kurudisha nyuma. Muulize mtoto: "Walimwomba msamaha kabla au baada ya kuihitaji pua yake?" Wa miaka saba na kuendelea anaweza kubishana kuhusu hilo kwa muda mrefu, hasa ukimwimbia wimbo wenyewe ili alinganishe.

Kuna swali jingine katika filamu hii, na mtu mzima anapaswa kujiandaa kabla ya kuliuliza: "Ni nani wa kwanza kuionea aibu ile pua?" Watoto hulijibu upesi. Ni baba. Yeye ndiye anayeificha kwa pua ya bandia. Santa anapoiona anaonyesha kutoridhika, na kocha ndiye anayewaambia kulungu wengine wasimshirikishe Rudolph mchezoni. Wenzake wanamcheka, ndiyo, lakini waliolihalalisha jambo hilo ni wakubwa. Ukilisema hili wazi mbele ya mtoto, huenda akakuuliza kama na wewe kuna kitu chake unachokionea aibu. Usimkatishe na usicheke. Kama kipo kitu chake ulichowahi kukificha mbele za watu, mweleze na umwombe radhi hapohapo. Kama hakipo, mjibu hivyo kwa ukamilifu, kwa kulitaja lile analolifikiria, kwa sababu jibu la jumla la "nakupenda sana" haligusi kile alichouliza.

Filamu hiyohiyo ina somo la ahadi, na hili linatokana na historia yake yenyewe. Rudolph anapita kwenye kisiwa cha vichezeo visivyotakiwa, kama treni yenye magurudumu ya mraba na tembo mwenye madoadoa, naye anaahidi kuviombea msaada. Iliporushwa mara ya kwanza mwaka 1964, haikuonyesha Santa akirudi kuvichukua. Watazamaji waliandika barua za malalamiko, na mwaka 1965 likaongezwa tukio la Santa akikipitia kisiwa. Watoto hawakuridhika kuambiwa kwamba ahadi ilitolewa. Walitaka kuiona ikitimizwa. Kwa anayelea watoto hilo ni onyo tosha. Ukimwahidi mtoto kitu kwa ajili ya sikukuu, kisha ukamtimizia kimyakimya bila yeye kujua, kwake ni kama hukutimiza. Mwonyeshe. Na ukishindwa kutimiza, mwambie mapema na umwambie sababu.

Kuhusu How the Grinch Stole Christmas!, iliyoongozwa na Chuck Jones na kurushwa tarehe 18 Desemba 1966, sitakaa sana, kwa sababu funzo lake la juu, kwamba sikukuu haitoki dukani, kila mtu amelisema. Angalia badala yake mahali Grinch anapoketi mwishoni. Amewaibia watu kila kitu, amemdanganya mtoto mdogo aliyeamka usiku, kisha amerudisha vitu vyote. Wenyeji wa mji wangeweza kupokea mali yao na kumfukuza. Wanamweka mezani, na yeye ndiye anayeikata nyama na kuwagawia. Aliyewaibia chakula amekabidhiwa kisu cha kuwagawia chakula. Msamaha hapo una umbo: ni kiti na kazi, na aliyekosa amepewa vyote viwili. Watoto waliogombana wanaelewa hili bila maelezo mengi. Baada ya ugomvi, kumpa aliyekosa kazi ya kuaminiwa, kama kugawa vipande au kushika funguo, kunaponya kuliko kuwalazimisha kukumbatiana mbele ya watu.

Kosa moja kubwa linalofanyika na filamu hii ni kumgeuza Grinch kuwa fimbo: "Unaona, na wewe uko hivyo." Mtoto akishalinganishwa na mhusika mbaya, hatamfuata tena huyo mhusika kwa moyo, atatumia nguvu zote kujitetea. Mwache amchukie Grinch, amwonee huruma, amcheke. Akijiona ndani yake, atajiona mwenyewe na wala si lazima akwambie.

Kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili, hakuna ninayoipendekeza kwa moyo mmoja kama Klaus ya mwaka 2019. Iliongozwa na Mhispania Sergio Pablos, na imechorwa kwa mtindo wa mkono wakati studio nyingi zilishauacha. Ina zaidi ya saa moja na nusu, hivyo kwa wadogo igawe mara mbili. Ndani yake kuna msemo unaorudiwa, kwamba tendo jema huzaa jingine, na watu wazima wengi huridhika nao. Lakini filamu ina ujasiri zaidi ya msemo wake.

Tazama ni nani anayeanza kwa nia njema. Jesper, kijana mvivu wa familia ya kitajiri, ametumwa na baba yake kuwa mtu wa posta kwenye kisiwa cha mbali, na lazima barua 6,000 zipite mikononi mwake ndani ya mwaka mmoja ndipo arudi kwenye starehe zake. Anawahimiza watoto wamwandikie Klaus, seremala mpweke mwenye vichezeo vingi, barua ili hesabu ipande. Watoto nao wanaanza kufanya mema kwa sababu wameambiwa mtukutu hapati zawadi. Alva, mwalimu, amegeuza shule kuwa duka la samaki ili apate nauli ya kuondoka. Karibu kila mmoja ana hesabu yake. Hata hivyo mtoto anayemsaidia jirani ili apate zawadi, jirani yake anajibu kwa wema ambao hakuna aliyeupanga, na koo mbili zilizokuwa na uhasama wa miaka mingi zinaanza kusalimiana.

Hapa kuna swali la kweli, na usilimalize kwa jibu lako: "Tendo jema likifanywa kwa sababu ya ubinafsi, bado ni jema?" Waache wagawanyike. Filamu yenyewe inatoa ushahidi wa pande zote mbili. Wema wa watoto unaubadilisha mji, lakini nia ya Jesper inapofichuka mbele ya rafiki zake, maumivu yao ni ya kweli, na zile zawadi zote haziyafuti. Akisema mtoto mmoja kwamba matokeo ndiyo muhimu, muulize basi kwa nini Klaus aliumia. Akisema mwingine kwamba nia ndiyo kila kitu, muulize kama mji ungebaki na uhasama wake ingekuwa afadhali.

Tukio la kuchagua katika filamu hii ni la Márgu, msichana mdogo wa jamii ya Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Ulaya. Anazungumza lugha yake, na Jesper haelewi neno. Mtazamaji naye haelewi, na hilo limekusudiwa: tunakaa na Jesper katika kutoelewa kwake. Kwanza anamkwepa. Baadaye anampeleka kwa Alva ili asaidiwe kuandika, na barua hiyo inamfanya Jesper ashike zana mwenyewe amtengenezee chombo cha kusafiria, kisha Klaus anaungana naye. Asubuhi anamtazama mtoto akikipata. Kwa mara ya kwanza ameona uso wa aliyepokea. Swali lake ni rahisi: "Jesper alipata nini siku hiyo?" Nyamaza baada ya kuuliza. Hesabu kimoyomoyo hadi ishirini kabla ya kuongeza neno, maana watoto wengi hujibu karibu na mwisho wa ukimya huo, na mtu mzima asiyevumilia huwa ameshawajibia.

Kimya hicho kinahitajika zaidi kwenye The Snowman, iliyorushwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 1982 kutoka kitabu cha Raymond Briggs cha mwaka 1978. Wahusika hawazungumzi; ukiacha maneno machache ya utangulizi, kuna muziki na wimbo mmoja tu, kwa hiyo lugha si kizuizi kwa mtoto yeyote. Mvulana anamjenga mtu wa theluji, usiku anakuwa hai, wanaruka pamoja angani. Asubuhi mvulana anatoka mbio na kukuta kilima kidogo cha theluji iliyoyeyuka na kofia juu yake. Anaingiza mkono mfukoni na kutoa skafu aliyopewa na Baba Krismasi usiku ule. Kisha filamu inakwisha.

Mtoto akilia, mwache alie. Usimwambie mtu wa theluji atarudi. Filamu haikusema hivyo, na mtoto aliyefiwa atakushika kwa neno hilo. Safari ya kwenda kwa Baba Krismasi haimo kitabuni. Iliongezwa na watengenezaji wa filamu, na skafu iliyotoka kwenye safari hiyo ndiyo kitu pekee kinachobaki mkononi. Anzia hapo: "Ile skafu ilitoka wapi?" Mtoto akigundua kwamba safari ilikuwa ya kweli ingawa rafiki hayupo, ameshafika mahali ambapo wakubwa wengi hufika kwa taabu. Kama nyumba imepata msiba karibuni, mweleze mtoto mwisho wake kabla hamjaanza na umwachie achague kama ataitazama. Kwa mtoto mkubwa kidogo, Coco ya mwaka 2017, inayohusu Siku ya Wafu nchini Mexico, inaingia ndani zaidi kwenye kumbukumbu za marehemu na kwenye madhara ya familia kurithi nusu ya habari. Lakini ina tukio la mtu kutiliwa sumu, kwa hiyo wa chini ya miaka sita asiiangalie peke yake.

Mambo machache ya utekelezaji yanayovuruga yote haya yakisahauliwa. Kwa wa miaka minne hadi sita, kaa kwenye filamu za dakika 25 au 26; ile ndefu wanaishia kukumbuka nusu ya mwisho tu. Mkigawa filamu ndefu, msikate katikati ya huzuni, mtoto akalala na mhusika akiwa amepotea au ameachwa. Kateni pale mambo yametulia. Simu ya mtu mzima iwekwe mbali, kwa kuwa mtoto hutazama uso wako kwenye matukio magumu ili ajue kama kuna hatari. Kama lugha ya filamu si ya mtoto, tazameni mara ya kwanza ukimweleza kwa sauti ya chini majina na nani ni nani, bila kumfasiria kila neno. Nyuso na mikono zitamweleza mengine.

Mazungumzo ya siku hiyo yawe mafupi, dakika tano zinatosha. Uliza tena siku inayofuata, mkiwa mnafanya kazi nyingine ya mikono kama kukunja nguo au kuosha vyombo, maana mtoto huongea vizuri zaidi akiwa hatazamwi usoni. Kisha acha achague tendo moja dogo linalotokana na tukio mlilolizungumza: kurudisha kitu alichokishikilia, kumwita mchezoni yule asiyeitwa, kumwandikia barua mtu ambaye hatarajii barua. Likifanyika, usilitangaze kwa wageni.

Na weka daftari. Andika mwaka, jina la filamu, swali ulilouliza na jibu la mtoto kwa maneno yake mwenyewe, hata kama hayana mpangilio. Mwaka unaofuata, kabla ya kuirudia filamu hiyohiyo, msomee alichosema. Mara nyingi atakataa kwamba aliwahi kusema hivyo, au ataona kuna mtu kwenye hadithi ambaye hakumjali kabisa, kama yule baba wa Rudolph au mwalimu muuza samaki. Andika na hilo chini ya la kwanza, bila kulifuta.